Fumbo la picha limegoma: kutafuta kosa na kulikwamua

Fumbo la picha kwenye gridi, lile ambalo namba hukuambia visanduku vya kupaka mpaka picha itokee, halitegemei bahati. Likigoma, ipo sababu, na sababu hiyo hutafutika. Kila Jumamosi kwenye meza zetu za mafumbo hapa Kondele, Kisumu, kuna kijana atakayesukuma karatasi mbele yangu na kusema, "Mwalimu, hii imeharibika." Mara nyingi karatasi ni nzima kabisa. Kilichotokea ni kwamba kisanduku fulani kilipakwa kabla hakijathibitishwa, namba zikavumilia kwa muda, kisha zikagongana mbali na pale kosa lilipoingilia. Kwa hiyo dalili unayoiona na chanzo chake ni nadra kukaa mahali pamoja, na ndiyo maana watu wengi hufuta pasipostahili kufutwa.

Kwa aliye mgeni, masharti ni machache. Namba za kando ni za mstari, kushoto kwenda kulia. Namba za juu ni za safu, juu kwenda chini. Kila namba ni fungu la visanduku vilivyopakwa mfululizo, na mafungu yanafuata mpangilio ule ule ulioandikwa. Kati ya fungu na fungu lazima pawe na kisanduku kitupu, kimoja au zaidi. Ukiona "4 3", basi kuna vinne vilivyoshikana, nafasi, halafu vitatu vilivyoshikana. Chukua penseli, raba isiyochafua, na daftari la hesabu lenye miraba. Kalamu ya wino iache mfukoni.

Dalili: unaitazama gridi tupu na huoni pa kushika

Chanzo cha kawaida ni kuanza na kona ya juu kushoto, au kuanza na namba ndogo kwa kuwa zinaonekana rahisi. Namba ndogo ndizo ngumu. Fungu la 1 kwenye mstari wa visanduku 10 lina mahali 10 pa kukaa, kwa hiyo halikuambii chochote. Anza na mistari na safu zilizojaa.

Kujua iliyojaa, fanya hesabu hii: jumlisha namba zote za mstari, kisha ongeza nafasi moja kwa kila pengo kati ya fungu na fungu. Toa jibu hilo kwenye urefu wa mstari. Kinachobaki mimi hukiita masalio. Fungu lolote lililo kubwa kuliko masalio lina visanduku vya hakika, na idadi yake ni ukubwa wa fungu ukitoa masalio.

Tuseme mstari una visanduku 10 na namba yake ni 7. Masalio ni 3. Saba ukitoa tatu ni nne, kwa hiyo visanduku vinne ni vya hakika: cha 4, cha 5, cha 6 na cha 7. Lisukume fungu kushoto kabisa, kisha lisukume kulia kabisa. Hivyo vinne havikwepeki. Sasa chukua "4 3" kwenye urefu ule ule. Nne na tatu ni saba, ongeza pengo moja, nane. Masalio ni 2. Fungu la 4 linakupa viwili, cha 3 na cha 4. Fungu la 3 linakupa kimoja, cha 8. "5 4" haina masalio: mstari wote umekwisha papo hapo, na kisanduku cha 6 ni kitupu.

Ni hapa ndipo kosa la kwanza huzaliwa, na nalirudia kwa kila mgeni kwa sababu linaonekana sahihi kabisa machoni. Chukua "3 3" kwenye visanduku 10. Ukisukuma yote kushoto, unapata cha 1 hadi cha 3 na cha 5 hadi cha 7. Ukisukuma yote kulia, unapata cha 4 hadi cha 6 na cha 8 hadi cha 10. Mtu akilinganisha, anaona cha 5 na cha 6 vimepakwa mara zote mbili, naye anavipaka. Amekosea. Mara ya kwanza vilipakwa na fungu la pili, mara ya pili vilipakwa na fungu la kwanza. Fungu la kwanza likikaa cha 1 hadi cha 3 na la pili likakaa cha 8 hadi cha 10, hivyo viwili vinabaki vitupu na mstari ni halali kabisa. Kinachohesabika ni kisanduku kinachofunikwa na fungu lile lile pande zote mbili. Kanuni ya masalio inakulinda hapa: tatu ukitoa masalio ya tatu ni sufuri, hakuna cha kupaka.

Dalili: safu imejaa kupita namba yake, au haiwezi tena kutimia

Hii ndiyo dalili inayowafanya watu waseme fumbo limeharibika. Kabla ya kugusa raba, hakikisha karatasi yenyewe ni salama, maana wakati mwingine kweli ni mbovu. Kuna njia moja ya haraka ambayo watu wengi hawaitumii: jumlisha namba zote za mistari, kisha jumlisha namba zote za safu. Lazima zilingane, kwa sababu zote mbili zinahesabu visanduku vile vile vilivyopakwa. Zikitofautiana, kuna namba iliyopotea au iliyosomwa vibaya. Fotokopi za saiba hukata ukingo, namba ya mwisho ikaondoka nayo. Fotokopi hafifu pia huachanisha tarakimu, 10 ikasomeka 1 na 0, au 1 na 1 zilizokaribiana zikasomeka 11. Ukinakili fumbo kwa mkono kwenye daftari, fanya hesabu hii kabla ya kupaka hata kisanduku kimoja.

Jumla zikilingana, karibu kila mara kosa ni lako, na linapatikana. Usifute kila kitu. Simama kwenye safu iliyogongana na uulize kila kisanduku kilichopakwa: ni mstari gani ulikuweka hapa, na kwa sababu gani? Kile kisichoweza kujibu ndicho mshukiwa. Kisha nenda kwenye mstari wa mshukiwa na urudie hesabu ya masalio upya, kana kwamba mstari huo hujawahi kuuona.

Watu wakifika hapo husahau kuzihoji X, zile alama za kuonyesha kwamba kisanduku ni kitupu. Nimeona makosa mengi zaidi yaliyotokana na X ya haraka kuliko yaliyotokana na rangi ya haraka. Mfano uliojitokeza mezani kwetu mwezi uliopita: mstari wa visanduku 10, namba ni "2 4". Safu zilikuwa zimeshapaka cha 5 na cha 6. Msichana mmoja wa Nyalenda aliona viwili vimeshikana, akasema fungu la 2 limetimia, akafunga kwa X cha 4 na cha 7. Baada ya muda safu ya 7 ikakataa.

Tulimwuliza: hivyo viwili vikiwa ndivyo fungu la 2, fungu la 4 litakaa wapi? Cha 7 ni pengo, kwa hiyo lianzie cha 8, lifike cha 11. Hakuna cha 11. Basi hivyo viwili ni sehemu ya fungu la 4, si la 2. Na fungu la 4 haliwezi kuanza kabla ya cha 4, kwa kuwa kabla yake lazima pawe na viwili na pengo. Likianza cha 4 linafika cha 7; likianza cha 5 linafika cha 8. Kwa vyovyote cha 7 kinapakwa. Yaani kisanduku alichokiwekea X ndicho kilichokuwa cha hakika tangu mwanzo: saba ukihesabu pengo, masalio matatu, nne ukitoa tatu ni kimoja, na hicho kimoja ni cha 7. Kabla ya kufunga fungu kwa X, jiulize ni fungu la ngapi, na kama mengine yanaenea.

Sababu nyingine ni kuhesabu vibaya kwenye gridi kubwa. Gridi za 15 kwa 15 na kuendelea huwa na mstari mnene kila baada ya visanduku vitano. Hesabia kutoka kwenye huo mstari mnene, usihesabie kutoka ukingoni kila mara. Ukichora gridi mwenyewe, ikolezee mistari hiyo kwanza.

Halafu kuna kubahatisha picha. Nusu ya gridi ikishapakwa, mtu anaona mkia na tumbo, anasema ni samaki, na hapa Kisumu samaki ni ngege, kwa hiyo anamwekea jicho na mapezi. Baadaye inageuka kuwa mashua imelala ufukweni. Au anaona upande wa kushoto umekaa vizuri, anaunakili upande wa kulia akidhani picha ina pande mbili zinazofanana. Picha ni zawadi ya mwisho. Haina haki ya kuthibitisha kisanduku chochote. Thibitisha kwa namba peke yake.

Dalili: hakuna kosa, lakini umesimama katikati na hakuna kinachosonga

Mara nyingi hapa hukukwama, ila umeacha nusu ya kazi. Watu hupaka visanduku wakaacha vitupu bila alama. Fumbo hili lilipoanza Japani, mmoja wa walioliibua, Non Ishida, alikuwa ameshinda shindano jijini Tokyo mwaka 1987 kwa picha zilizoundwa kwa madirisha ya majengo marefu, mengine yamewashwa taa na mengine yamezimwa. Tetsuya Nishio naye aliunda mafumbo ya namna hiyo kivyake wakati ule ule. Fikiria ule ukuta wa madirisha usiku: dirisha lililozimwa linachora picha sawasawa na lililowashwa. Kisanduku kitupu ulichokithibitisha kina uzito ule ule, kwa hiyo kiandike.

Jaribu hiki kidogo, visanduku 5 kwa 5. Mistari kutoka juu: 1, 2, 1, 5, 3. Safu kutoka kushoto: 1, 2, 5, "1 2", 1. Jumla ya kila upande ni 12, kwa hiyo karatasi ni nzima. Mstari wa 4 unajaa wote. Safu ya 3 inajaa yote. Hapo mstari wa 1 na wa 3 umekwisha, kila mmoja una kisanduku chake kimoja cha katikati. Safu ya 1 na ya 5 nazo zimepata kimoja chao kwenye mstari wa 4.

Sasa mstari wa 2 una namba 2, na cha katikati kimepakwa. Cha pili kiko kushoto au kulia? Ukiukodolea macho mstari huo peke yake hutapata jibu hata ukae mpaka jioni, na hapa ndipo wengi hubahatisha. Jibu liko safu ya 4, yenye "1 2". Kama uliweka X kwenye vitupu vya mstari wa 1 na wa 3, utaona safu ya 4 imezibwa juu kabisa na katikati. Kwenye mstari wa 4 imeshapakwa. Fungu la 2 haliwezi kupanda juu kwa sababu mstari wa 3 una X, kwa hiyo linashuka mstari wa 5. Linabaki fungu la 1, na nafasi yake pekee ni mstari wa 2. Kwa hiyo cha pili kiko kulia. Safu ya 2 nayo haiwezi kupanda, inashuka, na mstari wa 5 unapata vitatu vyake. Umepata mashua yenye bendera, kama zile za Dunga. Hakuna hata kisanduku kimoja kilichobahatishwa, na X za mstari wa 1 na wa 3, ambazo mtu angeona ni za kupoteza wakati, ndizo zilizofungua mlango.

Kwa hiyo ukisimama, pita kila mstari na kila safu uulize: tangu nilipouhesabu mara ya mwisho, umepata rangi mpya au X mpya? Kama umepata, hesabu ya zamani imepitwa. Urefu wa kuhesabia si tena gridi nzima, ni ile nafasi iliyobaki kati ya X na X. Mstari ambao mwanzoni haukutoa kitu unaweza kutoa visanduku vinne baada ya kufungwa ncha mbili.

Hali tatu hujificha zaidi ya nyingine. Ya kwanza ni karibu na ukingo: fungu la kwanza ni 3, na kisanduku cha 2 kimepakwa. Fungu ni cha 1 hadi cha 3, au cha 2 hadi cha 4. Basi cha 3 ni cha hakika. Ya pili ni nafasi finyu: kati ya X na X pamebaki visanduku viwili vitupu, na fungu dogo kuliko yote kwenye mstari huo ni 3. Ziba vyote viwili. Ya tatu ni daraja lisilowezekana: namba ni "2 2", na cha 3 na cha 5 vimepakwa. Ukipaka cha 4, unapata vitatu vilivyoshikana, na hakuna fungu la 3. Cha 4 ni X. Mara moja cha 2 na cha 6 vinapakwa, na vingine vyote vilivyobaki kwenye mstari ni X.

Ukiwa umepita yote hayo kwa uaminifu na bado hakuna kinachosonga, chagua kisanduku kimoja na ukijaribu. Huku si kubahatisha, mradi ufanye kwa utaratibu. Chagua cha ukingoni, kwa sababu ukingo unabana na matokeo huja upesi. Sema: tuseme hiki kimepakwa. Weka nukta hafifu ya penseli, si rangi. Fuata kinacholazimika, nacho ukiwekee nukta. Ukigonga ukuta, kisanduku cha kwanza ni X, na hiyo sasa ni hakika. Futa nukta zote. Usipogonga ukuta, hujathibitisha chochote. Futa pia, ujaribu kingine. Walioharibu karatasi hapa ni wale waliofika mbali bila kugongana wakaona basi ni sawa.

Na usione aibu kutumia njia hii. Mwaka 1996 watafiti Ueda na Nagao walithibitisha kwamba mafumbo haya, yakichukuliwa kwa ukubwa wowote, yako katika kundi la matatizo ambayo hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kuyatatua yote. Kompyuta nayo hufika mahali ikalazimika kujaribu na kurudi nyuma.

Dalili: kwenye simu makosa hujitokeza bila wewe kujua yalivyoingia

Kidole. Ndani ya matatu kati ya Ahero na Kisumu, skrini ndogo na gridi ya 20 kwa 20, utagusa kisanduku jirani bila kujua. Kuza gridi, au cheza ndogo ukiwa safarini. Programu nyingi pia hukuonya papo hapo ukikosea. Zima onyo hilo kama linazimika. Ukilitegemea, utazoea kupapasa visanduku mpaka kimoja kikubali, na siku utakayopewa karatasi utakuwa huna mbinu.

Dalili: fumbo la rangi linagongana tangu mwanzo

Umeongeza pengo pasipo na pengo. Katika mafumbo ya rangi, mafungu ya rangi moja yanayofuatana lazima yaachane, lakini ya rangi tofauti yanaweza kugusana. Tuseme visanduku 10, nyekundu 4 kisha kijani 4. Ukihesabu kwa mazoea ya rangi moja utapata 9, masalio 1, na utapaka vitatu vitatu: cha 2 hadi cha 4, na cha 7 hadi cha 9. Hesabu sahihi ni 8, masalio 2, na vya hakika ni viwili viwili: cha 3 na cha 4, cha 7 na cha 8. Cha 2 na cha 9 ulivipaka bila haki. Kabla ya kujumlisha, tazama rangi za majirani.

Dalili: umemaliza, kila namba imetimia, lakini jibu lao ni tofauti

Inawezekana nyote mko sahihi. Fumbo lililotungwa vibaya lina majibu zaidi ya moja. Mfano mdogo kabisa ni gridi ya 2 kwa 2 ambapo kila mstari na kila safu ni 1: unaweza kupaka kona ya juu kushoto na ya chini kulia, au kinyume chake. Kwenye gridi kubwa, tafuta mistari miwili na safu mbili ambazo, zikikutana, zinaacha kona nne kama hizo, na mafungu hayabadiliki ukizigeuza. Ukizipata, kosa ni la mtungaji.

Nawaomba wale wanaowatungia watoto mafumbo shuleni, Nakuru, Kakamega, popote mlipo, mlitatue fumbo lenu wenyewe kwa namba peke yake, picha mkiwa mmeifunika, kabla ya kulitoa fotokopi. Nukta zilizotawanyika, moja moja bila kushikana, ndizo zinazoleta majibu mawili mara nyingi. Ukikuta jibu la pili, usiongeze maelezo kando ya gridi. Ongeza au ondoa kisanduku kimoja kwenye picha, andika namba upya kwa mistari na safu zilizoguswa, ulinganishe jumla tena, kisha ulitatue tena tangu mwanzo.